Kamba ya bluu

Jumanne asubuhi, karibu na soko kuu la Butembo, mashariki mwa Kongo, vijana wanne walikuwa wakifunga kamba ya bluu kwenye gari dogo lililoegeshwa pasiporuhusiwa, wapate kulivuta. Kamba yenyewe ilikuwa imekatika na kuungwa mara tatu, nilihesabu mafundo. Mwenye gari akaja mbio, mfuko wa dawa mkononi. Kijana mdogo kuliko wote akamwambia kwa sauti ya chini, "Samahani papa, mimi natumwa tu, nalipwa kwa hesabu ya magari." Maneno hayo nimekaa nayo wiki nzima. Hatua chache mbele, lori lililotoka mpakani Kasindi lilikuwa likishusha saruji, limeziba nusu ya barabara, na msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, mwenye viazi alikuwa akijipenyeza katikati ya pikipiki. Lori hilo hakuna aliyeligusa. Kamba hufuata wepesi wa mzigo. Simtetei anayeziba njia; niliwahi kumwona mama mjamzito huko Beni akishuka kwenye pikipiki na kutembea, kwa sababu gari la mtu lilikuwa limelala mlangoni mwa zahanati. Gari lile lingevutwa, ningeshangilia. Lakini kumlipa kijana kwa idadi ya magari ni kumfundisha kuwinda wanyonge: atakamata kinachovutika, atakiacha kinachoziba. Mwishowe pesa za mwenye gari zilihesabiwa juu ya boneti, risiti sikuiona, na yule kijana akapiga magoti kufungua mafundo yake, huku saruji ikiendelea kushushwa.