Kituo cha Setilaiti Kimefunguliwa kwa Lugha Gani?

Maji yapitayo chini ya daraja la Sagana hayaishii Sagana. Huungana na mito mingine ya Mlima Kenya, yakawa Tana, yakateremka hadi Ghuba ya Ungwana. Kusini mwa ghuba hiyo, huko Ngomeni karibu na Malindi, kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio, kilichoasisiwa na Waitaliano katika miaka ya 1960. Mimi ni mzaliwa wa Sagana, nami nilibahatika kukizuru pamoja na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili. Tuliona antena zinazofuatilia setilaiti na, mbali baharini, majukwaa yaliyorushiwa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988.

Niliporejea nyumbani, babu yangu, mstaafu wa reli ambaye Kiswahili chake ni cha stesheni, aliniuliza: "Mjukuu wangu, ikweta iko hapa juu Nanyuki. Hao Waitaliano walifuata nini baharini?"

Nilifungua daftari langu. Lo! Lilijaa Kiingereza kitupu, na mwandishi wake ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili. Jibu nililijua, lakini ilinichukua karibu nusu saa kulitamka. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta kasi yake ni takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo upande huo hupata msukumo wa bure. Hata hivyo, vipande vyake huanguka njiani. Mashariki ya Ngomeni ni bahari. Mashariki ya Sagana ni Embu na watu wake.

Kuhusu antena nilikwama zaidi. Setilaiti iliyo chini huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kituo kimoja huiona kwa dakika kumi tu au pungufu kabla haijazama upeoni; ndipo kituo kingine huipokea. Babu akanikata kauli: "Basi hiyo ni kazi ya stesheni masta. Treni ikitoka Sagana, unapiga simu Karatina waingojee."

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, ndugu msomaji. Katika semina zetu tunabishana kama tuseme obiti au mzingo. (Mimi ni wa mzingo, kwa kuwa mzizi wake ungali hai vinywani mwa watu, ingawa nakiri kwamba wanahisabati wamekwisha kulitwaa neno hilo. Setilaiti tuiache ilivyo. Hakuna atakayeing'oa sasa.) Aghalabu mabishano hayo hufanyika mbali na antena, na mbali zaidi na babu. Istilahi isiyowahi kutumiwa kumweleza mtu jambo asilolijua haijapata mtihani wake. Kufungua lango la kituo kwa umma ni hatua njema, lakini mgeni anayetoka bila maneno ya kusimulia alichokiona ameingia nusu tu.

Wapo watakaosema kwamba sayansi ya anga si shamba letu. Wakumbuke kuwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka Ngomeni ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani, na orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339. Mwaka 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, safari hii kutoka Marekani. Majina ni yetu, ila maelezo yake twayasoma kwa lugha nyingine.

Napendekeza vyama vyetu vya Kiswahili viombe kibali, vipeleke wanafunzi wawili watatu Ngomeni wakae na mafundi kwa wiki nzima, si kwa asubuhi moja ya kupiga picha. Waandike kijitabu cha mgeni cha kurasa kumi. Kabla ya kupelekwa kwa wahariri, kijitabu hicho kisomwe kwa sauti Ngomeni kwa wavuvi, na Sagana kwa watu kama babu, na kila mahali watakapouliza pafanyiwe marekebisho. Swali moja babu amekwisha kulitoa, nami sijamjibu bado: treni isipoonekana Karatina, mafundi hao huanza kuitafutia wapi?