Mahindi ya msaada yanunuliwe kwetu

Malori ya mahindi yanayokwenda Namanga hupita Sakina, na wafanyabiashara wa hapa huyatazama kama kipimo cha soko. Yakipita mengi, Kenya inanunua. Yakipungua, mkulima ajiandae kwa bei mbaya. Lakini yuko mnunuzi mwingine ambaye wengi wetu hatumweki katika hesabu, naye ni mtu wa Ulaya au Marekani anayetoa sadaka ili mwenye njaa wa huku apate kula. Fedha yake nayo ni fedha ya soko. Swali ni moja tu: inanunua gunia la nani?

Kwa miaka mingi haikununua la kwetu. Sheria za Marekani za mwaka 1954 zilitaka nafaka ya msaada itoke kwa wakulima wa huko, na sehemu yake ipakiwe katika meli za huko. Wazee wetu wanaukumbuka ule unga wa njano walioubatiza "unga wa Yanga". Uliokoa watu, na shukrani inastahili. Hata hivyo hesabu yake ilikuwa mbovu. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge la Marekani waligundua kwamba katika mpango mkubwa kuliko yote wa msaada wa chakula, asilimia 65 ya matumizi iliishia kwenye usafirishaji na gharama za uendeshaji. Yaani katika kila dola 100, dola 35 tu ndizo zilizonunua chakula. Mfanyabiashara wa soko la Kilombero akiendesha biashara kwa hesabu hiyo, atafunga kabla ya msimu kwisha.

Mwaka huohuo shirika la CARE lilitangaza kwamba litaachana na utaratibu wa kuuza nafaka ya msaada katika masoko ya nchi maskini ili kupata fedha za miradi. Liliona kwamba utaratibu huo unaweza kumwumiza mkulima yuleyule linayetaka kumsaidia. Nafaka iliyopatikana bure ikiingia sokoni wakati wa mavuno, hakuna mkulima wa kushindana nayo.

Siku hizi mwelekeo umebadilika. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, hununua sehemu ya chakula chake katika nchi zetu. Mwaka 2018 lilikubaliana na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua tani 36,000 za mahindi. Hayo ni magunia 360,000 ya kilo 100, au malori 1,200 ya tani 30. Mnunuzi wa namna hiyo si wa kumpuuza.

Wapo wanaosema ununuzi huo hupandisha bei na kumwumiza maskini wa mjini. Hoja hiyo ina ukweli ikiwa manunuzi yanafanyika mwaka wa ukame, au mahali penye upungufu. Dawa yake ni kununua penye ziada, wakati wa mavuno, na kupeleka penye njaa. Mahindi ya Rukwa na Ruvuma yanaweza kulisha kambi za wakimbizi Kigoma bila kugusa sufuria ya mtu wa Longido.

Kikwazo kikubwa kipo kwetu wenyewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyohiyo, na siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki kinajulikana: unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Sasa tazama tunavyofanya. Mahindi yanaanikwa juu ya udongo, yanafungwa kabla hayajakauka, yanajazwa lumbesa, kisha yanalazwa sakafuni bila chaga. Mzigo huo ukikataliwa tunasema mfadhili anabagua. Turubai na kipimo cha unyevu ni gharama, lakini ni ndogo kuliko lori zima kurudishwa.

Chakula peke yake hakitoshi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo tunalijua kwa jina la "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", utaratibu wa shirika la Heifer lililoanza kazi nchini miaka ya 1970. Familia hupewa mtamba wa maziwa, nayo hulipa kwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Kwa lugha ya wawekezaji, mtaji haupotei, unazunguka. Na kila ng'ombe anayefungwa zizini hapa Meru ni mteja wa muuza pumba, muuza mashudu na duka la dawa za mifugo.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Julai 2025 Marekani ilifunga shughuli za misaada za shirika lake la USAID. Fedha ikipungua, kila dola iliyobaki lazima inunue chakula kingi zaidi, na njia ya kufanya hivyo ni kununua karibu.

Sisi pia tunahusika. Makanisa, misikiti na vyama vya wafanyabiashara wa Arusha huchangisha ukame unapowapiga wafugaji. Tunaponunua unga mjini na kuupeleka kwa lori hadi kijiji ambacho duka lake bado lina unga, tunamwua mwenye duka yule kwa mkono wa huruma. Duka likiwa na chakula, tuwape wenye njaa fedha wakanunue hapo. Duka likiwa tupu, ndipo tupeleke lori.

Anayetoa sadaka, wa ng'ambo au wa Sakina, aulize gunia limenunuliwa wapi. Na sisi wenye magunia tuhakikishe kwamba jibu likiwa "Tanzania", mahindi yaliyomo ni makavu na safi.