Umbo la protini ni bure, kulifanyia biashara ni marufuku

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia anajua kwamba mzigo kuvuka mpaka ni jambo moja, na kuruhusiwa kuuuza ni jingine. Hilo ndilo linalowasumbua sasa watafiti wa dawa duniani.

AlphaFold, programu ya Google DeepMind ya London, hubashiri jinsi protini inavyojikunja, na umbo hilo humwonyesha mtafiti mahali dawa inapoweza kushika. Kazi iliyochukua miezi, hata miaka, maabara sasa inaweza kumalizika kwa saa chache. Mwaka 2024 iliwaletea Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Toleo la pili lilitolewa wazi Julai 2021, na zuio la biashara lililobaki likaondolewa Januari 2022. Hazina yake ya bure ina maumbo zaidi ya milioni 200, yakiwamo ya protini za kimelea cha malaria.

Toleo la tatu lilikuja kivingine. Mei 2024 jarida la Nature lililichapisha bila msimbo wake, na watafiti wakaachiwa tovuti yenye kikomo cha maombi kwa siku. Wanasayansi walipinga kwa barua ya wazi, na haki ilikuwa upande wao: matokeo yasiyoweza kukaguliwa na wengine ni tangazo tu. Novemba msimbo ukatoka, lakini vigezo vinavyouendesha hutolewa kwa maombi, tena kwa utafiti usio wa kibiashara pekee. Mwezi huohuo watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa Boltz-1, inayoruhusu biashara.

Matunzo nayo yana gharama. Hifadhidata za toleo la pili pekee hujaza zaidi ya terabaiti 2, kwa hiyo maabara ndogo hutegemea seva za pamoja kama ya ColabFold. Wafadhili hupenda kulipia ugunduzi mpya, si fundi wa kurekebisha programu ya juzi.

Kwa Afrika Mashariki, chuo kikuu kinaweza kuomba toleo la tatu kwa utafiti. Kampuni ya chanjo za mifugo ikitaka kuyauza matokeo hayo, masharti yanakataa. Italazimika kuanza upya kwa programu yenye leseni ya wazi.