Mzee wa njiwa amezikwa, mwanafunzi wake arithi nini?

MZEE aliyezikwa Nakivale hakuwa na cheo. Hakuwa mwenyekiti wa kijiji, hakuwa na duka Base Camp, wala hakuwa mtu wa kualikwa kwenye semina. Alifuga njiwa. Wakongo wenzake walimwita Papa, wengine Mzee, na watoto wa mtaani walimjua kama Mzee wa Njiwa.

Siku chache baada ya matanga, njiwa wake waliingizwa kwenye matenga mawili, wakapakiwa kwenye teksi na kuuzwa Mbarara. Msiba una gharama zake na familia ilikuwa inadaiwa. Hakuna wa kuilaumu. Ila kabla wiki haijaisha, njiwa watatu walikuwa wamerudi. Walitua juu ya kibanda kitupu, wakawa wanazunguka paani wakitafuta mlango ambao ulikwisha kufungwa kwa waya.

Wa kwanza kuwaona alikuwa kijana wa Kirundi aliyejifunza ufugaji kwa Mzee kwa miaka mingi. Wakati wa kuuza hakuulizwa neno. Angeulizwa, angesema kile ambacho Mzee alikirudia kwa kila mteja: njiwa mzima hauzwi kama kuku. Unamlipia, unambeba, na siku ukimfungulia anarudi kwao.

Hilo si ushirikina, ni maumbile ya ndege huyu. Njiwa aliyekwisha kuruka akalizoea anga la kwao hulishika kichwani. Wataalamu wamehusisha uwezo huo na jua, sumaku ya dunia, harufu na alama za ardhini, na hadi leo wanabishana. Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni kilomita zipatazo 60. Kwa njiwa mwenye afya, aliyezoeshwa kuruka mbali, hiyo ni safari ya saa moja hivi. Teksi humaliza muda mrefu zaidi ukihesabu na kusubiri abiria. Wafanyabiashara waliugundua uwezo huo zamani. Mwaka 1850 Julius Reuter, ambaye jina lake leo ni la shirika la habari, alitumia njiwa kupeleka bei za masoko ya hisa kati ya Brussels na Aachen, mahali ambapo waya wa telegrafu ulikuwa haujaunganishwa. Kujua bei ya leo kabla ya mshindani wako: nani pale Mutukula au Katuna asiyejua thamani yake?

Kwa sababu hiyo Mzee aliuza makinda tu, wa wiki nne hivi, wenye manyoya kamili lakini ambao hawajaanza kuruka. Mteja aliyeng'ang'ania ndege mzima alipewa sharti. Mfungie pamoja na mwenzake mpaka watage, waangue na kulea. Kinda atakayetoka kwenye mayai hayo ndiye wa kwako kwelikweli, maana hajui nyumba nyingine. Wazazi wanaweza kubaki kwa ajili yake, na wanaweza wasibaki.

Mafunzo yake hayakuwa na haraka. Mwezi wa kwanza mwanafunzi hakuruhusiwa kumshika ndege; alifagia kinyesi. Wengi waliacha hapo. Waliobaki walikuja kuelewa kwamba kinyesi ndicho barua ya kwanza ya ugonjwa, na kikiwa cha kijani na chenye maji, ndege huyo atengwe siku hiyohiyo. Kisha walifundishwa mayai: mawili kwa mara moja, siku 18 hivi za kuatamia, baba akikaa mchana na mama akimpokea jioni hadi asubuhi. Walifundishwa kwamba wazazi wote wawili huwalisha makinda kwa maziwa yanayotengenezwa kwenye gole, kwa hiyo ukimuuza dume wiki hiyo umewanyima watoto nusu ya chakula chao. Aliyefika mwisho alipewa jozi moja bila malipo. Ndiyo ilikuwa shahada.

Wapo waliomuuliza kama haoni haya kuwalisha ndege wakati watu hawashibi. Mgao wa chakula umepunguzwa sana miaka ya karibuni katika makazi ya wakimbizi Uganda, na swali hilo lilikuwa la haki. Lakini kibanda cha Mzee kilikuwa karibu na mashine ya kusaga mahindi. Njiwa waliokota chenga zilizomwagika, na jioni aliwapa kiganja kimoja cha mtama ili wasisahau kurudi. Makinda aliowauza ndio waliolipia sabuni, daftari za wajukuu na dawa.

Sasa rudi kwenye yale matenga mawili. Jozi nzuri ya njiwa huangua mara kadhaa kwa mwaka. Familia iliuza jozi zote kwa siku moja, kwa bei ya kitoweo, kwa mnunuzi ambaye hakuambiwa sharti lolote. Ingewezekana kabisa kumwachia kijana kibanda kile, naye akawa anailipa familia kwa makinda kila baada ya miezi miwili. Deni la msiba lingelipwa polepole, na bado njiwa wangekuwepo.

Jibu la kwanza litakuwa kwamba kijana si ndugu. Tena ni Mrundi, na Mzee alikuwa Mkongo. Nani angemdhamini? Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu watu wa Nakivale wameondoka makwao wakijua jirani anaweza kugeuka nini. Hata hivyo, vijiji vile vimewaweka pamoja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na kinachowaunganisha kila siku ni kukopeshana. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kwa wakazi wa Nakivale ujirani huo ulianza zamani, wengine wao kwa kufagia kinyesi cha njiwa pamoja.

Na hapa mfanyabiashara wa mpakani ajitazame. Mama anayeleta vitenge kutoka Kongo, au baba wa samaki wakavu anayevuka kwenda Tanzania, ana msaidizi anayejua mteja gani hulipa Ijumaa na yupi hapaswi kukopeshwa tena. Msaidizi huyo mara nyingi si wa ukoo. Siku tajiri akifa, ndugu wanafika kutoka mbali, wanagawana marobota, na mtu pekee anayejua madeni yako wapi anaambiwa achukue nguo zake aende. Miezi mitatu baadaye hakuna mtaji wala wateja.

Kwa mkimbizi jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi nchini Uganda, na kiwanja anapewa kukitumia, lakini hana hati ya ardhi ya kumwachia mwanawe. Kazi aliyoijenga na watu wanaomwamini ni sehemu kubwa ya urithi wake. Basi na aseme angali hai, mbele ya mkewe, wanawe na mwenyekiti wa kijiji, kwamba faida ni ya familia na kazi iendeshwe na fulani, kwa mgao huu. Iandikwe kwenye karatasi, kwa Kiswahili ambacho pande zote zinakisoma. Ni aibu kidogo kuzungumzia kifo chako mezani, na wazee wengi hukwepa. Mzee wa Njiwa naye alikwepa. Alifundisha kila kitu isipokuwa hilo.

Wale watatu waliorudi, je? Kijana angeweza kuwafungulia waya na kukaa kimya, na hakuna mtu Mbarara ambaye angejua. Lakini Mzee alikuwa na kanuni aliyoisimamia hata ilipomuumiza: ndege aliyelipiwa ni wa aliyelipa, popote atakapotua. Kijana aliomba namba ya mnunuzi kwa familia, akapiga simu, akawaweka njiwa kwenye tenga na kulikabidhi kwa dereva wa teksi ya asubuhi, pamoja na maelezo: wasifunguliwe mpaka wamelea.

Mnunuzi alishangaa kurudishiwa mali ambayo hata hakujua ilikuwa imefika wapi. Akauliza kama yule Mzee anao wengine. Akaambiwa Mzee amefariki, na wale ndio waliokuwa wake.

Akanyamaza kidogo. "Pole sana, kijana wangu. Na wewe mwenyewe, huna makinda?"

Kijana alimjibu kwamba anayo jozi moja aliyopewa na Mzee, inaatamia mayai mawili. Asubiri wiki tano au sita.