Mkono wa kulia kwanza, noti baadaye

Wasomaji wangu, leo tuziache seva na hifadhidata zipumzike kidogo. Nataka kuzungumzia gitaa la klasiki, na hasa jambo ambalo wengi wanaojifunza wenyewe kwa kutazama video hulipuuza: ni kidole gani cha mkono wa kulia kinachodonoa uzi gani. Msimamo wangu ni huu: ukipata kipande kipya, andika vidole vya mkono wa kulia kwa penseli kabla ya kuanza kukifanyia mazoezi. Hata kama kinaonekana rahisi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona karatasi ya muziki wa gitaa, vidole hivi huandikwa kwa herufi nne zilizotoka kwenye Kihispania: p ni gumba, i ni cha shahada, m ni cha kati na a ni cha pete. Kidole cha mwisho hakitumiki sana. Mkono wa kushoto wenyewe una namba, 1 hadi 4. Sasa fungua vitabu vya nyimbo uone: namba za kushoto zimejaa kila mahali, herufi za kulia ni za kutafuta kwa tochi. Mwanafunzi akiona hivyo anadhani mkono wa kulia utajipanga wenyewe.

Ni kweli utajipanga, lakini kila mara kwa namna tofauti, na hapo ndipo penye shida. Ukirudia mstari mmoja mara kumi kwa mipango kumi ya vidole, hujafanya mazoezi ya mstari mmoja mara kumi. Umejifunza mistari kumi tofauti, kila mmoja mara moja. Polepole huwezi kugundua. Ongeza kasi, au kaa mbele ya watu, na mkono unafika njia panda bila kujua uelekee wapi. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: programu inapita majaribio yote ikiwa na mtumiaji mmoja, ikipata watumiaji elfu inaanguka, tena kila siku mahali tofauti.

Nitoe mfano wa hesabu, maana hapa ndipo mambo yananoga. Chukua skeli inayopanda kutoka uzi wa 3 hadi wa 1, ambao ndio mwembamba zaidi, ukipokezana i na m. Kidole cha kati kiko upande wa nyuzi nyembamba, cha shahada upande wa nyuzi nene. Kwa hiyo kuvuka kwenda uzi mwembamba ni raha kama i ndiyo imemaliza uzi wa nyuma na m inaanza uzi mpya. Ikiwa kinyume, i lazima ipite mbele ya m, na mkono mzima unapinda.

Haya, kama kila uzi una noti mbili au nne, ukianza na m kila kuvuka kutakuwa kuzuri. Ukianza na i, kila kuvuka kutakuwa kubaya. Kila kimoja! Wakati wa kushuka geuza, anza na i. Noti zikiwa tatu kwa kila uzi, kuvuka kumoja kutakuwa kuzuri na kunakofuata kubaya, kwa sababu tatu ni witiri. Dawa mojawapo ni kuipiga noti moja kati ya hizo tatu kwa mkono wa kushoto peke yake, kwa kugonga kidole juu ya uzi bila kuudonoa. Midonoo inabaki miwili, umerudi kwenye shufwa. Mtu anaweza kuhangaika na skeli hiyo miezi mitatu akidhani vidole vyake ni vizito, kumbe alianza na kidole kisichofaa.

Wazee wa gitaa walilijua hili. Mauro Giuliani alichapisha mazoezi 120 ya mkono wa kulia huko Vienna mwaka 1812, na mkono wa kushoto aliupa kodi mbili tu za kushika, C na G7, ili akili yote iende kulia. Fernando Sor, katika kitabu chake cha mafunzo cha 1830, alieleza kwamba kidole cha pete alikitumia kwa nadra. Unaweza kumpinga, lakini alikuwa ameamua.

Najua kuna atakayeniambia kwamba wapiga gitaa wetu hawakuandika herufi yoyote. Sawa. Mwenda Jean Bosco, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, alidonoa kwa gumba na kidole cha shahada. Vidole viwili! Kwa mtindo huo maswali ya kuamua ni machache sana. Ukichukua vidole vinne, umechukua na kazi ya kuvipangia zamu.

Lawama nyingine naielekeza kwetu watu wa tarakilishi. Tablatura za maandishi matupu zinazosambaa mtandaoni zinakuambia uzi na mahali pa kubonyeza, basi. Nani adonoe, hakuna. Na si kwamba teknolojia imekosekana: muundo wa faili wa MusicXML una kipengele kiitwacho pluck, cha kazi hiyo hiyo. Tunaacha tu kukijaza. Tangu 1989 Samir Sayegh alionyesha kwamba kupanga vidole kwenye ala za nyuzi kunaweza kutatuliwa kama kutafuta njia yenye gharama ndogo zaidi. Kwa mkono wa kulia unaweza kuanza na gharama mbili tu: kurudia kidole kilekile, na kuvuka vibaya. Ni programu ya jioni moja, ingawa haitajua urefu wa vidole vyako, kwa hiyo penseli ibaki karibu.

Ukishaandika, weka mkono wa kushoto mapajani. Piga kipande chote kwa mkono wa kulia peke yake, nyuzi zikiwa wazi, polepole, ukitamka herufi kwa sauti. Kitasikika vibaya sana, na majirani watashangaa. Herufi zikitoka bila kusitasita, urudishe mkono wa kushoto.