Neno Paa na Dai la Umaskini wa Lugha

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili ni maskini kwa sababu neno moja hubebeshwa maana nyingi. Mimi, niliyekifundisha sekondari hapa Morogoro hadi kustaafu, napinga.

Chukueni neno paa. Ni mnyama wa mwituni. Ni kifuniko cha nyumba. Ni kwenda juu, kama ukungu upaavyo Uluguru asubuhi. Tena ni kumwondolea samaki magamba. Je, msikilizaji hupotea? Hapotei. "Paa amekimbia", "paa linavuja": kiambishi kimekwisha kuamua. Kihispania nacho kina vino, yaani divai, na vilevile "alikuja". Sijasikia kikiitwa fukara.

Umaskini ni wa mwalimu anayeandika ubaoni "paa: sehemu ya juu ya nyumba", kisha akafuta ubao. Mwanafunzi wake atatungaje shairi linalofunga kila ubeti kwa paa, na kila ubeti kwa maana yake?

Malenga wenzangu, kabla ya kulilia maneno mapya, tuyatumie kwanza haya tuliyorithi, kwa maana zake zote.