Dira Ikizunguka, Nani Shahidi?

Kila yanapozuka mazungumzo ya visahani virukavyo, hakosi mtu barazani wa kusema: "Macho huongopa, lakini je, mitambo nayo? Mbona dira zilizunguka? Mbona jairoskopu zilipotea njia?" Na mwingine, kabla kahawa haijapoa, keshamaliza kazi: "Hao ni majini." Mimi naona kauli zote mbili ni za haraka, walakini ile ya kwanza ndiyo inayonishughulisha, kwa kuwa imevaa joho la ilimu.

Kisa kitajwacho sana ni cha Marekani. Usiku wa tarehe 18 Oktoba 1973, helikopta ya jeshi la akiba yenye watu 4, chini ya Kapteni Lawrence Coyne, ilikuwa ikirejea Cleveland kutoka Columbus, katika jimbo la Ohio. Karibu na mji wa Mansfield wakaona taa nyekundu ikiwajia kwa kasi. Coyne akaishusha helikopta kutoka futi 2,500 hata futi 1,700 hivi. Kwa maelezo yao, kitu kirefu mfano wa sigara kilisimama mbele yao, kikawamulika kwa mwangaza wa kijani, kisha kikaenda zake. Walipotazama mitambo, helikopta ilikuwa ikipanda futi 1,000 kwa dakika, ilhali rubani asema mkono wa kupandishia ulikuwa bado uko chini. Nayo dira ya sumaku ilikuwa ikizunguka tu.

Philip Klass, mwandishi wa mambo ya ndege, alisema kilikuwa kimondo, na kwamba rubani kwa hofu aliivuta helikopta juu bila kujitambua. Jawabu hilo halinikinaishi. Kimondo hupita kwa sekunde, na watu hawa walisimulia jambo la dakika. Lakini kutokinai kwangu si ushahidi wa kitu. Na majini? Wapo, tumeamini, ila kuamini kwamba wapo si kuthibitisha kwamba usiku ule walikuwa Ohio.

Tuirudie mitambo. Dira ni sumaku, na hughilibiwa na chuma chochote kilicho jirani. Manahodha wetu hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Aliyeacha shoka kando ya dira alikiona cha mtema kuni. Jairoskopu ni jambo jingine. Hiyo ni pia, ile ile tuliyoizungusha kwa uzi uani, ila hii imetiwa ndani ya pete ili mhimili wake uelekee popote. Ikishazunguka kwa kasi, hushikilia upande wake, chombo kigeuke kitakavyogeuka. Mfaransa Foucault ndiye aliyeipa jina mwaka 1852, alipoitumia kuonyesha kwamba dunia inazunguka.

Na kwa kuwa dunia huzunguka digrii 15 kila saa, jairoskopu ya kuonyesha upande huonekana yapotea hata ikiwa nzima. Juu ya Ohio hupotea karibu digrii 10 kwa saa. Juu ya Mombasa, sisi tulio jirani na ikweta, ni kama digrii 1 tu. Ongeza hapo msuguano, umeme uliopungua, au chombo kilichopinduka ghafla. Ndiyo sababu rubani huirekebisha mara kwa mara, na ndege nyingi zimetiwa mtambo unaoitazama sumaku ya dunia na kuivuta jairoskopu pole pole iifuate.

Hapo ndipo ninapomshika mwenzangu wa barazani. Aliyekaa mbele ya masheikh anajua: wapokezi wawili wakisimulia habari moja, kila mmoja huulizwa kaipokea kwa nani. Ikiwa wote wameipokea kwa mtu mmoja, njia ni moja, hata wapokezi wakiwa 100. Basi ukiniambia dira ilizunguka na jairoskopu ikaenda upande, ati mashahidi wawili, nitakuuliza: hiyo jairoskopu ilikuwa huru, au ilikuwa ikiongozwa na sumaku ile ile? Kama ilikuwa huru, nayo ikatulia huku dira yazunguka, hapo pana la kuchunguza: ama dira ni mbovu, ama kweli palikuwa na sumaku.

Tena ingekuwa sumaku kubwa ajabu. Nguvu zake hupungua upesi mno: umbali ukizidi mara 2, husalia sehemu 1 katika 8, ukizidi mara 10, sehemu 1 katika 1,000. Na sumaku kali huacha alama katika chuma. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, wakiongozwa na mwanafizikia Edward Condon, ambao ripoti yao ilitoka mwaka 1969, walilipima gari lililodaiwa kuzimwa na chombo cha angani, wakalilinganisha na jingine la aina ile ile lisilohusika. Alama zilifanana. Hawakumwita dereva mwongo. Walilihoji gari, likajibu.

Mwaka 1978 Coyne alifika Umoja wa Mataifa mjini New York kusimulia yaliyomkuta, kwa juhudi za Eric Gairy, Waziri Mkuu wa Grenada. Machi 1979 Gairy akapinduliwa, na suala likapoa. Maneno yalisemwa mengi, na mazuri. Mimi ningalimsikiliza zaidi mtu wa kuja na dira yenyewe mkononi, haijafunguliwa, pamoja na vyuma vilivyokuwa kando yake.